Bangi na Usingizi: Je, Ni Dawa?

Leo tunazungumza juu ya kukosa usingizi, na juu ya jani ambalo watu huambiana kimyakimya kuwa ni dawa yake, yaani bangi.

Mama mmoja alinijia kliniki akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Akaniuliza, "Sista, tangu nijifungue silali. Jirani ameniambia nichemshe bangi kidogo kwenye chai. Anasema ng'ambo ni dawa ya hospitali. Ni kweli?"

Swali hilo ni zuri, nasi tulijibu hivi. Ni kweli kuna dawa zinazotokana na mmea wa bangi. Mwaka wa 2018 Marekani iliidhinisha dawa moja ya maji ya kutibu aina kali za kifafa cha watoto. Dawa hiyo hupimwa kiwandani, na daktari ndiye huiandika. Haikuidhinishwa kwa ajili ya usingizi. Bangi inayouzwa kwa siri haijapimwa na mtu yeyote, na hapa Kenya imekatazwa na sheria ya mwaka wa 1994.

Sasa tusikilize jinsi inavyofanya kazi mwilini. Bangi ina kemikali ya kulevya inayoitwa THC. Mwanzoni inaweza kumfanya mtu asinzie upesi. Lakini mwili huizoea, na kiasi cha jana hakitoshi tena leo. Akijaribu kuacha, usingizi hupotea kabisa, hukasirika ovyo na kuota ndoto mbaya, pengine kwa wiki moja, mbili au zaidi. Hapo husema, "Mnaona? Bila bangi silali." Kumbe ni bangi yenyewe inayomnyima usingizi.

Mama anayenyonyesha, tafadhali sikiliza. THC huingia katika maziwa na kubaki humo siku kadhaa. Mtoto naye huipata. Mjamzito akiitumia, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Tena bangi ya kunywa au kula huchelewa kufanya kazi, hata saa moja au mbili. Mtu hudhani haijafanya kitu, huongeza, kisha huzidiwa. Usimpe mtoto kamwe, hata akilia usiku kucha.

Hapa kwetu kuna jambo jingine. Igembe tuna miraa, Mbeere tuna muguka. Majani hayo yana kemikali inayoamsha mwili na kufukuza usingizi. Kijana hutafuna mpaka usiku, macho yakawa makavu, halafu hutafuta bangi, pombe au tembe za kumshusha. Asubuhi ni mzito, hutafuna tena ili aamke. Ukiona hivyo nyumbani, usitafute dawa ya usingizi. Mwombe kwanza apunguze kutafuna, na asitafune kuanzia mchana.

Kwa yeyote asiyelala, jaribu haya:

1. Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala vibaya.
2. Usinywe kahawa wala chai ya majani kuanzia alasiri.
3. Weka simu mbali na kitanda.
4. Usingizi ukikataa, usigaegae. Ondoka kitandani, keti mahali penye mwanga hafifu, urudi ukisinzia.
5. Mwenye mtoto mchanga, lala mtoto anapolala. Baba, nyanya au shangazi ashike mtoto kidogo ili mama apumzike.

Mambo haya hayaleti nafuu kwa usiku mmoja. Yape wiki chache.

Wakati mwingine kukosa usingizi ni dalili ya ugonjwa, kama maumivu au huzuni baada ya kujifungua. Yule mama wa kliniki, tulipozungumza zaidi, alikuwa akilia kila siku. Hakuhitaji bangi. Alihitaji kusikilizwa na kutibiwa. Ikiwa huzuni imepita wiki mbili, nenda kwenye zahanati iliyo karibu. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukisikia sauti zisizokuwapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiende peke yako.

Na ikiwa mtu wako ameshindwa kuacha bangi au muguka, usimfukuze nyumbani. Piga simu ya NACADA, 1192, bila malipo, au mlete kliniki. Hatutamkemea.

Lala salama, mama.