Je, Wajua? Kilosa Imeona Treni za Mvuke, Dizeli na Umeme

Je, wajua kwamba wilaya moja, Kilosa, inabeba karibu historia yote ya treni za abiria Tanzania?

Mvuke. Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilipita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Vichwa vya mvuke vilihitaji maji mara kwa mara, hivyo treni ilisimama njiani kunywesha injini.

Tawi la Mikumi. Katika miaka ya 1960, tawi la kutoka Kilosa lilipita Mikumi hadi Kidatu, penye mashamba ya miwa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo ilipita Kidatu. Lakini mabehewa hayakuweza kuendelea moja kwa moja: reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, ile ya Kilosa 1,000.

Dizeli. Injini za dizeli zilipochukua nafasi ya mvuke, vituo vya maji havikuhitajika tena. Maji ya Mto Mkondoa yalibaki tishio: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba reli Kilosa na kukatiza safari.

Umeme. Mwaka 2024 treni za reli ya kisasa (SGR) zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, zikipenya mahandaki ya milima ya Kilosa kwa njia ya milimita 1,435. Mwendo wake hufikia kilomita 160 kwa saa.