Stesheni ya Mettupalayam na Reli Yenye Meno

Katika mji mdogo wa Mettupalayam, chini ya milima ya Nilgiri huko India, reli pana ya milimita 1,676 hukoma. Abiria waendao Udagamandalam huhamia gari moshi la njia ya mita 1, upana ule ule wa reli ya zamani ya Mombasa na Kisumu. Kuanzia Kallar, njia hupanda mita 1 kwa kila mita 12 hivi. Hapo msuguano wa chuma juu ya chuma hautoshi. Kwa hiyo, tangu mwaka 1899, gurudumu lenye meno chini ya injini hushika reli yenye meno iliyolazwa katikati ya njia. Injini husukuma kutoka nyuma, upande wa bondeni. Kiungo kikikatika, mabehewa huzuiliwa na injini hiyo hiyo.