Kama uko na siku moja tu ya kutoka Lubumbashi

Bandugu, kila likizo ulizo ni ile ile. Mugeni amefika Lubumbashi, ameona katedrali, ameona nyumba ya makumbusho, amepiga picha ya ile shimine kubwa na kilima ya mabaki ya shaba. Anabakia na siku moja, na anataka kuona muji mudogo. Tumupeleke wapi?

Mimi nilishajibu ile ulizo mubaya. Mujomba wangu alirudi kutoka Ubelgiji kisha miaka mingi. Babu yangu alitumika Likasi, ku kiwanda ya Shituru, na mujomba alitaka kuona fasi kwenye alikomalia. Juu ya kumufurahisha, nikapanga Likasi, Kambove na maporomoko ya Mwadingusha, yote siku moja. Tulitoka saa tatu ya asubui. Kamyo za madini zilijaa barabara. Tulifika Likasi saa saba, tukapita mbele ya Shituru bila kushuka, tukakimbia Kambove, tukageuka. Mwadingusha hatukuiona. Tulirudi mu giza, nyuma ya kamyo zenye hazina taa. Mujomba aliniuliza jambo moja tu: «Mupwa, nilikuja kuangalia barabara?» Kisha siku mbili akapanda ndege.

Tangu pale nafuata mambo tatu.

Ya kwanza: hesabu saa, usihesabu kilometa. Likasi iko karibu kilometa 120, lakini kamyo za shaba zinapita barabara ile ile. Giza inafika karibu saa kumi na mbili. Kama kwenda inakamata saa tatu na kurudi vilevile, unabakia na saa sita za kutembea kwa miguu, na ile ni kama ulitoka saa kumi na mbili ya asubui. Ukitoka saa tatu, unabakia na tatu tu. Sasa ongeza muji wa pili, utaona wewe mwenyewe.

Ya pili: siku moja, muji moja. Uliza mugeni kwanza anataka kuelewa nini.

Kama ni madini, muende Kipushi, karibu kilometa 30, ku mupaka wa Zambia. Mugodi wake ulianza miaka ya 1920, ukasimama 1993, na zinki ikaanza kutoka tena 2024. Pale kuko watu wenye walingojea ile siku miaka zaidi ya 30. Wao njo wa kusikiliza.

Kama ni historia, Likasi. Zamani iliitwa Jadotville. Mu Septemba 1961, askari wa Ayalandi wenye walitumwa na Umoja wa Mataifa walizungukwa pale na jeshi la Katanga.

Kama ni chakula, Kasumbalesa, karibu kilometa 90. Si muji wa kupumuzika, ni foleni ya kamyo. Lakini mutu mwenye anajiuliza juu ya nini bei ya bunga inapanda, ataelewa: sehemu kubwa ya mahindi yenye tunakula inatoka Zambia. Mupaka ikifungwa, sufuria ya bukari inajua mbele ya redio.

Ya tatu: angalia majira. Hapa naongea kama mutu wa agronomia. Mvua inaanza karibu Novemba mpaka Aprili. Ku barabara ya Likasi, ile wakati, wamama wanauzisha bowa, na mu Februari na Machi kuko mahindi mabichi. Kiangazi ni vumbi, pori zenye zimeungua, na magunia ya makala kando ya barabara. Usimufiche mugeni ile makala. Pale njo anaona namna Lubumbashi inapika chakula yake kwa kumaliza miti ya vijiji. Simama, ununue kitu kwa yule mwenye anauzisha, umuulize miti inatoka mbali gani leo.

Mujomba ameandika kwamba atarudi mwaka huu. Tutaenda Likasi peke yake, siku ya posho, na mbele jua haijatoka tutakuwa tumeshaingia mu bisi. Tutashuka Shituru, tuulize wazee kama kuko mwenye anakumbuka babu. Kambove itangojea.