PIKIPIKI KUUKUU YA TUSTROKI: ASKARI ANAWEZA KUIFUFUA KWA FEDHA KIDOGO

Katika mji wa Bwera, wilayani Kasese, mwendo mfupi kutoka mto Lhubiriha ulio mpaka wetu na Kongo, si ajabu kukuta nyuma ya nyumba ya mtu pikipiki iliyolala miaka mingi chini ya migomba. Tangi lake limeliwa na kutu, kiti kimeraruka, na kuku hutaga chini ya injini. Wapita njia huiita chuma chakavu. Lakini ukiyafuta matope ubavuni mwake utasoma jina la Yamaha au Suzuki, nawe utatambua kwamba hiyo ni mojawapo ya zile pikipiki za njia mbovu ambazo kwa miaka mingi ziliwapeleka mabwana shamba, wauguzi na watumishi wengine wa serikali hadi kwenye vijiji vilivyo juu ya miteremko ya Rwenzori.

Makala haya tumewaandikia askari wa jeshi na wa polisi ambao wameiona pikipiki ya namna hiyo, wakaitamani, na kisha wakajiuliza kama kuinunua ni busara au ni kutupa fedha. Swali hilo si dogo. Pikipiki mpya hugharimu mishahara ya miezi mingi, na wako wenzetu ambao wamekopa katika vyama vya akiba, kama vile Wazalendo kwa upande wa jeshi na Exodus kwa upande wa polisi, ambao makato yao ya kila mwezi yanagusa karo ya watoto. Pikipiki kuukuu huweza kumwepusha askari na deni hilo. Lakini ikinunuliwa bila mpango, huweza kumla fedha nyingi kuliko ile mpya, na hatimaye ikarudi palepale chini ya migomba.

ASILI YAKE NI YA KIASKARI

Pikipiki tunazozizungumzia zina injini ya mapigo mawili, ambayo mafundi wetu huiita tustroki. Askari hana sababu ya kuidharau, kwa maana historia yake imepita jeshini. Kiwanda cha DKW cha Ujerumani kilitengeneza pikipiki ndogo iliyoitwa RT125, ambayo ilitumiwa na jeshi la nchi hiyo katika Vita Kuu ya Pili. Waingereza nao walikuwa na Royal Enfield ndogo ya tustroki, nyepesi kiasi cha kuangushwa kwa miavuli pamoja na wanajeshi wa angani. Vita vilipokwisha, umbo la ile RT125 liliigwa na mataifa mengi. Waingereza walitoa BSA Bantam mwaka 1948, Warusi wakatoa Moskva, na mwaka 1955 kampuni ya Yamaha ya Japani ikatoa pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1, kwa mfano huohuo.

Mwaka 1968 Yamaha ilitoa DT-1, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 250, nayo ikafungua njia kwa ukoo mzima wa pikipiki za njia mbovu. Wanaukoo ambao tunawafahamu zaidi katika Afrika ya Mashariki ni DT125 na DT175, pamoja na AG100 iliyokusudiwa kwa kazi za shamba. Siku hizi waendeshaji wa bodaboda wa Bwera hutumia zaidi pikipiki za Kihindi zenye injini ya mapigo manne, kama vile Bajaj Boxer, kwa kuwa hunywa petroli kidogo. Hata hivyo, tustroki ina sifa ambayo haijapotea: kwa ukubwa ule ule, ina nguvu nyingi na uzito mdogo, na viungo vyake vinavyokwenda ni vichache.

Siri yake ni hii. Injini ya mapigo manne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Tustroki huwaka katika kila mzunguko. Haina valvu kichwani wala shafti ya kuziendesha. Chumba cha krenki chenyewe ndicho pampu inayovuta mchanganyiko wa hewa na petroli na kuusukuma juu ya pistoni. Kwa sababu hiyo mtu mwenye spana chache na subira anaweza kuifungua na kuielewa. Lakini kwa sababu hiyohiyo ufa mdogo unaoingiza hewa katika chumba hicho huiua injini, kama tutakavyoeleza.

KWANZA KARATASI, KISHA CHUMA

Kabla hujagusa spana, tazama karatasi. Bwera ni mji wa mpakani, na bidhaa za kila namna hupita Mpondwe kwenda Kasindi, Beni na Butembo, na nyingine hurudi. Pikipiki isiyo na kadi ya umiliki huenda ikawa imeibwa upande mmoja na kuuzwa upande wa pili. Linganisha namba iliyogongwa kwenye fremu, karibu na shingo ya usukani, na namba iliyogongwa kwenye injini. Kisha zilinganishe zote mbili na kadi. Ikiwa namba imepigwa tindo au imekwaruzwa, ondoka, hata kama bei ni ya kutupwa. Pikipiki iliyouzwa kwa mnada halali wa idara ya serikali au wa mradi ni bora, mradi muuzaji akupe hati ya mnada huo na mhamishe jina katika afisi inayohusika.

Jambo hili lina uzito kwetu kuliko kwa raia wa kawaida. Wakazi wa mpaka huu wameonja uchungu wa mashambulizi, tangu yale ya Novemba 1996 hapa Mpondwe hadi yale ya Juni 2023 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, ambako wanafunzi wengi waliuawa. Chombo kisichojulikana mwenyewe, kinachopita usiku bila namba, ni suala la usalama. Askari anayesimama kizuizini kuwauliza wananchi karatasi zao hawezi kuja kazini juu ya chombo ambacho mwenyewe hana karatasi zake.

UCHUNGUZI KABLA YA KULIPA

Tuseme karatasi ni safi. Sasa chunguza mambo manne ambayo hayahitaji kifaa chochote. Kwanza, piga kiki polepole kwa mkono. Ikiwa injini imekwama kabisa, punguza bei, kwa maana huenda silinda imeshika kutu. Pili, ikiwa inazunguka, toa plagi, ziba tundu lake kwa kidole gumba na upige kiki: pumzi isiyoweza kukisukuma kidole ni dalili kwamba ringi zimekwisha au silinda imekwaruzwa. Tatu, litikise gurudumu la magneto juu na chini. Likicheza, beringi za krenki zimekufa, na hiyo ndiyo kazi ya gharama kubwa kuliko zote. Nne, tazama fremu kwenye viungo vyake. Fremu iliyopinda au kuchomelewa ovyo haifai kununuliwa.

MOYO WA INJINI

Injini ikifunguliwa, usiligonge gurudumu la magneto kwa nyundo. Tafuta kifaa chake cha kulivutia nje, hata kama ni kwa kuazima. Ukiisha kuondoa silinda, shika konrodi uivute juu na kuisukuma chini. Kucheza kidogo kwenda ubavuni kunaruhusiwa. Kucheza juu na chini hakuruhusiwi hata kidogo.

Silinda ya DT175 ina kipenyo cha milimita 66 na ile ya DT125 milimita 56, na pistoni za zote mbili husafiri milimita 50. Silinda iliyokwaruzwa haitupwi. Hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, akaipanua kidogo, kisha ikatiwa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25, au 0.50, na kuendelea. Kanuni ya kuokoa fedha ni hii: nunua pistoni kwanza, uipeleke pamoja na silinda, ili fundi akereze kwa kipimo cha pistoni uliyo nayo mkononi. Wako waliotangulia kukereza, kisha wakazunguka Kasese yote wakitafuta pistoni ambayo haipo.

Sasa tuje kwenye sili za krenki. Hizi ni pete mbili za mpira, moja kila upande, na bei yake ni ndogo. Ile ya upande wa magneto ikipasuka, injini huvuta hewa ya ziada, mchanganyiko hukosa petroli na mafuta ya kutosha, pistoni hupata moto na kushikana na silinda. Ile ya upande wa klachi ikipasuka, injini hunywa mafuta ya giaboksi. Utaona moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto, na mafuta ya gia yatapungua bila kumwagika popote. Usipoziba ufa utajenga ukuta: askari aliyebana fedha za sili mbili huilipia pistoni mara ya pili. Injini iliyolala miaka kadhaa ibadilishiwe sili hizo bila mjadala.

Baada ya hapo kuna kazi za mikono ambazo hazihitaji fedha. Ondoa masizi katika bomba la moshi na katika tundu la silinda la kutolea moshi. Fungua kabureta, safisha kila jeti kwa petroli na pumzi. Usitumie waya, kwa kuwa waya huupanua mwanya. Osha sponji ya kichujio cha hewa kwa sabuni, ikauke, kisha uipake oili nyepesi. Tangi lenye kutu litiwe siki na kipande cha cheni au kokoto, litikiswe, lilale usiku mzima, lisuuzwe kwa maji yenye magadi na kukaushwa juani. Platini za magneto zisuguliwe na kupangwa kwa mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4.

MPANGO WA FEDHA

Tuchukue mfano wa askari aliyeweka akiba ya shilingi 1,000,000 kwa matengenezo, mbali na bei ya kuinunua pikipiki yenyewe. Ushauri wetu ni kuzigawa hivi: 400,000 kwa injini, yaani pistoni, ringi, sili, gasketi na kukereza, 300,000 kwa breki, matairi, cheni na sproketi zake, 100,000 kwa umeme, kabureta na waya za klachi na breki, 100,000 kwa ujira wa fundi, na 100,000 za mwisho zisiguswe, ziwe akiba ya lile ambalo halikuonekana. Rangi haimo katika hesabu hii. Rangi hungoja mshahara wa mwezi mwingine. Tumewaona wenye kuanza na rangi na vioo vinavyometameta, huku breki ikiwa ni ya kuomba Mungu. Aidha, usinunue spea zote siku moja; fungua kwanza, orodhesha kila kilichokufa, ndipo uende dukani na daftari.

MAFUTA NA MILIMA

Tustroki haina oili ya kuzunguka katika krenki. Oili yake huungua pamoja na petroli. Tangu mwaka 1964 Yamaha ilianza kutumia pampu iitwayo Autolube, inayopima oili kadiri mwendeshaji anavyofungua mafuta. Katika pikipiki kuukuu pampu hiyo haiaminiki mpaka ithibitishwe. Ikiwa una shaka nayo, changanya mwenyewe: mililita 200 za oili ya tustroki katika lita 5 za petroli, yaani sehemu moja kwa 25. Usikadirie kwa macho. Tumia chupa yenye alama.

Mwendeshaji wa Bwera ana mtihani wa ziada, nao ni mlima. Anapopanda, hewa hupungua, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi mno, na pikipiki iliyokuwa njema mjini huanza kutoa moshi na kulowesha plagi; basi achukue plagi ya akiba. Anapoteremka, hatari ni kubwa zaidi. Tustroki haizuii mwendo kwa gia kama injini ya mapigo manne, kwa hiyo mzigo wote huangukia breki. Tena, akifunga mafuta kabisa huku injini ikizungushwa kwa kasi na mteremko, oili haifiki kwenye pistoni. Pistoni ikishikana, gurudumu la nyuma hujifunga ghafula kwenye njia yenye korongo kando yake. Dawa yake ni kufungua mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi, na vidole vikae tayari juu ya klachi ili kuitenga injini papo hapo. Kofia ya chuma ivaliwe, kwa kuwa ndiyo sheria na ndiyo busara.

Kwa kilomita 500 za mwanzo injini mpya isikimbizwe wala isipandishwe mlima ikiwa na abiria. Kila jioni tazama nati, cheni na mafuta ya gia, ukaandike katika daftari lako tarehe, kilomita na ulichokifanya. Daftari hilo, likikaa pamoja na kadi yenye jina lako, litakuwa ushahidi wa mali halali siku utakapotaka kuiuza, au siku utakapostaafu na kurudi shambani, ambako pikipiki ileile itabeba mfuko wa kahawa hadi sokoni bila deni la mtu yeyote.