Ukienda Musoma na laptopu, ipakate!

Leo nataka tuongelee ile mashine ambayo vijana wa mjini tunatembea nayo mgongoni kila siku: kompyuta mpakato, au kama tunavyoiita mtaani, laptopu. Walioipa jina la mpakato hawakukosea hata kidogo. Limetoka kwenye kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Sasa niambie, mama gani anamtupia mwanawe kwenye buti la basi?

Nasema hivyo kwa sababu ya niliyoyaona kwa macho yangu njia ya Mwanza kwenda Musoma. Basi letu lilisimama Bunda. Hapo ndipo wanaokwenda Kisorya na Ukerewe wanapoachana na wa Musoma, kwa hiyo mlangoni ni vurugu tupu: huyu anashuka, yule anapanda, na madirishani wauza maji na karanga wanapiga kelele. Kijana niliyekaa naye, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliacha begi kwenye keria juu ya vichwa, akateremka kujinyoosha. Kurudi, begi halipo! Tukainama chini ya viti, tukazunguka stendi nzima, wapi! Kondakta akamjibu kwamba kila abiria na mzigo wake.

"Laptopu nitanunua nyingine, bro," aliniambia huku machozi yanamlenga. "Mle ndani kulikuwa na utafiti wangu. Miezi minne nazunguka kwa wakulima wa mihogo, na sina nakala popote."

Umeona kasheshe hilo? Mashine inauzwa madukani. Kazi iliyomo ndani haiuzwi hata Kariakoo. Kwa hiyo ukisafiri na laptopu, hesabu kwamba una mizigo miwili, na kila mmoja una ulinzi wake.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI
Anza na ule mzigo usioonekana. Usiku wa kuamkia safari, nakili kazi zako zote kwenye flashi au diski ya nje, kisha nyingine uzitunze kwenye intaneti. Na hiyo flashi isikae begi moja na laptopu, maana mwizi hachagui, anabeba vyote. Iweke mfukoni au mwachie mtu nyumbani.

Halafu neno la siri. Wengi wanadhani likishawekwa, mambo yameisha. Thubutu! Fundi mjanja anafungua mashine, anachomoa diski, anaisoma kwenye kompyuta nyingine. Dawa yake ni kufumba diski yenyewe. Windows za ngazi ya Pro zina BitLocker, na kompyuta za Apple zina FileVault. Ukishawasha, mwizi atabaki na chuma tu, siri zako hazipati. Ila ule ufunguo wa akiba unaopewa uuandike na kuuweka mbali na mashine, usije ukajifungia nje mwenyewe.

Mwisho, andika namba ya mashine iliyoko chini yake, na risiti uipige picha.

NDANI YA BASI
Begi la laptopu lenye nembo kubwa ya kampuni ni sawa na kutangaza kwa kipaza sauti. Tumia begi la kawaida, na ndani yake uivishe mashine mfuko laini. Buti usikubali, hata konda akikubembeleza vipi: huko kuna magunia ya dagaa, na juu yake litapandishwa sanduku la mwenzio. Keria nayo umeshaisikia habari yake. Weka begi mapajani, au katikati ya miguu huku mkanda umeuzungushia mguu. Ukishuka hata kwa dakika mbili, shuka nalo.

Tahadhari hii ni kubwa zaidi tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku. Raha kulala njiani, lakini ukikoroma nani atakulindia?

Tena izime kabisa, usiifunike tu ikiwa imesinzia. Laptopu iliyosinzia inaweza kuamka ndani ya begi ikajichemsha yenyewe. Na zile zenye diski ya zamani zina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika au zaidi. Ikirushwa na tuta huku inazunguka, kwaheri.

UNAPOUNGA KWENDA BUTIAMA
Butiama siku hizi si kwa wanaokwenda kuona kaburi na makumbusho ya Mwalimu Nyerere peke yao. Kipo pia chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina lake, kwa hiyo laptopu zinazopita njia hiyo si haba. Wengi wanashukia Makutano na kuunga kwa gari dogo au bodaboda. Kwenye Hiace na Noah zile za zamani, injini iko chini ya viti vya mbele. Usilaze begi sakafuni hapo, betri haipendi joto. Kwenye bodaboda livae kifuani, likae kati yako na dereva. Mgongoni linavutwa kirahisi.

Na mvua? Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo tembea na kipande cha turubai. Ikilowa, zima, chomoa chaji, usijaribu kuiwasha, peleka kwa fundi. Habari za kuifukia kwenye mchele ni kuharibu mchele tu.

GESTI MUSOMA
Usiiache kitandani ukaenda kula samaki Mwigobero. Ifungie kwenye sanduku lenye kufuli, au ikabidhi mapokezi na uandikiwe karatasi. Umeme ukikatika, chomoa chaji, subiri urudi na utulie, ndipo uchomeke.

WA NDEGE JE?
Mnaoruka hadi Mwanza, laptopu iingie nanyi ndani. Betri za akiba haziruhusiwi kabisa kwenye mizigo ya chini, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri: 11.1 mara 4.4 ni kama 49, hapo huna kesi.

IKISHAIBIWA
Nenda polisi siku hiyohiyo na ile namba ya mashine, uchukue RB. Kisha badili maneno ya siri ya barua pepe na akaunti zako zote. Nawe unayeuziwa laptopu ya bei ya kutupa stendi, bila risiti wala chaji, kaa mbali nayo. Kukutwa na mali ya wizi ni kosa la jinai, na aliyekuuzia utamtafuta hadi uchoke.

Haya, kabla ya wikiendi kwisha, tafuta flashi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.