Homa isiyosikia dawa ya malaria: fikiria pia ini

Bandugu, mimi ni mtu wa agronomi, si munganga. Lakini nimeona jambo hili karibu sana, juu ya ile nimesoma na kuuliza waganga.

Jirani yangu, kijana wa miaka 27, alikunywa dawa ya malaria mara mbili mfululizo. Homa ikabaki pale pale. Alikuwa anashika mbavu za kuume anasema "ni misuli tu". Ekografi aliikwepa juu ya makuta. Siku alipoifanya, njo walikuta jipu ndani ya ini.

Linatoka wapi? Mara nyingi kwetu ni amiba. Inaingia kwa kinywa, katika maji ao chakula chenye uchafu wa choo. Inatoboa utumbo, inafuata damu mpaka kwenye ini, inaliharibu polepole. Inabaki shimo lenye maji mazito, rangi kama ya chokoleti. Wanaume wazima ndio wanapatwa zaidi.

Alama za kuangalia:
– homa ya siku mingi, kutetemeka, jasho la usiku;
– maumivu chini ya mbavu za kuume, yanazidi ukikohoa ao ukivuta pumzi; pengine yanapanda mpaka bega la kuume;
– kukosa hamu ya kula, kukonda, kuchoka.

Mtego ni huu: wengi hawaharishi wakati huo. Amiba inaweza kuwa iliingia miezi mingi mbele. Macho ya manjano pia, wengi hawana. Kwa hiyo choo kikipimwa na kuonekana safi, usiseme umepona.

Ukiwa na homa na maumivu hayo, usirudie dawa ya malaria bila kipimo. Omba munganga ekografi. Dawa iko, na watu wengi wanapona; kisha inafuata dawa ya pili ya kusafisha utumbo. Jipu likipasuka kifuani ao tumboni, linaweza kuua. Maumivu makali ya gafula ao shida ya kupumua: hospitali siku ile ile.

Sasa neno la mtu wa bustani: mboga nyingi za mjini zinamwagiliwa maji ya mifereji. Zipike. Maji ya kunywa, yachemshe.

Jirani yangu alipona. Lakini makuta aliyoogopa kutoa kwa ekografi, aliyatoa mara mingi kwa kitanda cha hospitali.