Makasha magumu: Hadhi ya bidhaa au mzigo kwa mjasiriamali?

MWAKA 1968, mwaka mmoja baada ya tanzanite kugunduliwa Mererani, kampuni ya vito ya Tiffany & Co. ya New York ilianza kuyanadi madini hayo nchini Marekani na kuyapa jina yanalojulikana nalo hadi leo. Kampuni hiyo hukabidhi vito vyake ndani ya kasha dogo la samawati, ambalo mnunuzi hulitambua hata kabla ya kulifungua.

Somo hilo limewafikia wajasiriamali wa Tanzania. Wauzaji wa kahawa ya Kilimanjaro, viungo vya Zanzibar au asali ya Tabora wanaotafuta wateja wa hoteli, viwanja vya ndege na masoko ya nje hujikuta wakiulizwa swali lile lile: bidhaa imefungashwa vipi?

Wengi hukimbilia kasha gumu. Hata hivyo, kasha hilo ni miongoni mwa vifungashio ghali zaidi vya karatasi, na likichaguliwa kwa kufuata mng'aro wake tu, linaweza kumeza faida yote ya bidhaa lililokusudiwa kuipandisha hadhi.

Tofauti yake na boksi la kawaida

Boksi la kawaida, kama la dawa ya meno, hutengenezwa kwa karatasi nene inayokunjwa. Husafirishwa likiwa bapa na hufunguliwa siku ya kupakia bidhaa.

Kasha gumu huundwa kwa kadibodi ya kijivu, mara nyingi yenye unene wa milimita 2 hivi, ambayo hukatwa, kuunganishwa pembeni na kisha kuvikwa karatasi nyembamba iliyochapishwa. Halikunjiki. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, hasa kwa oda ndogo, hufanywa kwa mkono, na hapo ndipo gharama inapoanzia.

Maumbo yake makuu ni matatu: lenye kifuniko kinachovuliwa, lenye mfuniko wa kufunguka kama kitabu na kufungwa kwa sumaku, na lile linalovutwa kama droo. La kwanza kwa kawaida ndilo rahisi kutengeneza. Sumaku na utepe huongeza gharama bila kuongeza ulinzi wa bidhaa kwa kiasi kikubwa.

Hesabu ya bei

Kipimo cha kwanza ni uwiano wa bei ya kasha na bei ya bidhaa. Tuseme kasha moja linagharimu Sh4,000. Kwa bidhaa inayouzwa Sh150,000, gharama hiyo haifiki asilimia 3. Kwa pakiti ya viungo ya Sh15,000, ni zaidi ya robo ya bei, kabla ya kuhesabu mali ghafi, kodi na faida ya muuza duka.

Aidha, wachapaji hutoza gharama za maandalizi, yaani kuandaa chapa na visu vya kukatia, ambazo hazipungui hata oda ikiwa ndogo. Mwenye mtaji mdogo anaweza kununua makasha yasiyo na maandishi na kuyavisha mkanda wa karatasi uliochapishwa jina la bidhaa. Jina au uzito ukibadilika, kinachotupwa ni mkanda peke yake.

Kusafirisha hewa

Gharama ya pili haionekani dukani. Makasha yaliyokwisha kuundwa husafirishwa yakiwa matupu, hivyo anayeyaagiza kutoka China hulipia nafasi ya hewa katika kontena. Yapo makasha yanayolazwa bapa na kusimamishwa upya kwa gundi au sumaku, lakini viungo vyake lazima vikaguliwe kwa makini.

Kwa vifurushi vya ndege, kampuni nyingi hulinganisha uzito halisi na uzito wa ujazo, kisha hutoza ulio mkubwa. Uzito wa ujazo mara nyingi hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5,000.

Kasha la sentimita 30 kwa 20 kwa 10 lenye nusu kilo ya kahawa laweza kuwa na uzito halisi wa kilo 0.8, lakini hutozwa kama kilo 1.2. Likipunguzwa hadi sentimita 22 kwa 14 kwa 10, uzito wa ujazo hushuka hadi takriban kilo 0.6, na mteja hulipia uzito halisi.

Unyevu na chakula

Kadibodi hunyonya unyevu. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, kasha lililokaa vizuri kiwandani laweza kupinda ghalani, kifuniko kikabana na karatasi ikabanduka pembeni. Njia ya uhakika ni kuomba sampuli na kuziacha kwa wiki kadhaa katika ghala lile lile litakalotumika.

Kwa chakula, tahadhari ni kubwa zaidi. Kadibodi ya kijivu mara nyingi hutokana na karatasi zilizorejelezwa, ambazo zinaweza kubeba mabaki ya mafuta ya wino. Viungo, chai na kahawa havipaswi kugusana nayo moja kwa moja. Vinahitaji mfuko wa ndani uliofungwa barabara. Kahawa iliyokaangwa karibuni hutoa gesi, hivyo mfuko wake huwekewa tundu maalumu la kuitoa. Ubora wa kahawa hulindwa na mfuko huo. Kasha huulinda mfuko dhidi ya kugandamizwa.

Sheria za Ulaya

Wanaolenga Umoja wa Ulaya wana sababu nyingine ya kujihadhari. Kanuni mpya ya vifungashio, namba 2025/40, ilipitishwa kwa lengo la kupunguza taka, na tarehe iliyowekwa ya kuanza kutumika ni Agosti 12, 2026. Kuanzia mwaka 2030, kanuni hiyo inataka uzito na ujazo wa kifungashio upunguzwe hadi kiwango cha lazima, na inakataza kuta mbili au sakafu za uongo zinazokuzwa ili bidhaa ionekane kubwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa malipo ya awali, mjasiriamali apakie bidhaa yake kwenye sampuli, aiangushe kutoka kimo cha meza, akague pembe, kisha aweke kando ya boksi la kawaida lenye uchapaji mzuri. Ikiwa mteja yuko tayari kulipa zaidi kwa kasha gumu, na nyongeza hiyo inazidi gharama zake zote, kasha limestahili. Isipozidi, fedha hiyo itafaa zaidi katika ubora wa bidhaa yenyewe.